Moshi wa Tanuri la Bibi

3 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, kaa chini kwanza. Nakujua wewe: utaisoma barua hii huku unakanda, na habari zangu zitaishia ndani ya mkate wa mtu.

Huku hatujambo. Mume wangu yuko barabarani na lori lake la magogo. Akirudi ananuka utomvu na dizeli, na paka wa jirani humfuata hadi mlangoni. Mimi bado niko chumba cha kufulia pale hospitali. Wametuletea mashine mpya ya kukamulia mashuka. Inatetemeka kama mtu mwenye homa, inatembea yenyewe sakafuni, na msimamizi wetu anaipenda kuliko anavyotupenda sisi.

Umekaa? Nina mimba. Wanasema mtoto atakuja mwishoni mwa Agosti.

Ndiyo maana nakuandikia. Bibi ametuacha mwaka sasa, Baba alishamtangulia, wa kumuuliza umebaki wewe peke yako. Sitaki mwanangu akue bila hadithi za Bibi za vita, na mimi nikijaribu kujisimulia zinanitoka vipandevipande. Ile ya kikapu nadhani ninayo yote. Askari wameziba barabara. Bibi anatoka mjini na kikapu cha mikate kichwani, Baba mchanga kalazwa chini ya mikate, wewe umeshika upindo wa gauni. Wanafika kwenye kizuizi, Baba anapiga chafya. Askari anauliza, "Mama, mkate wako una mafua?" Bibi anajibu, "Hiyo hamira, afande, bado inafanya kazi." Wanacheka, wanajichukulia mikate, wanawapisha.

Tulikuwa tukicheka mpaka machozi. Lakini sikumbuki hata siku moja Bibi akituambia kilichofuata. Akifika kwenye kicheko cha askari, anainuka kwenda kuangalia moto. Baada ya kizuizi ilikuwaje?

Nisalimie fundi redio, mkewe na wasichana wao. Yule mdogo, kigugumizi kimepungua?

Mimi wako,
Chiriku (jina ulilonipa mwenyewe, na kelele sijaacha)


27 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu, tena marahaba ya pili kwa huyo aliye tumboni. Niliisoma nimesimama, na kweli uliingia kwenye unga; nilipofika pale pa mimba nilipiga kofi, donge zima likaanguka chini. Nikalipa jina lako nikalitupa.

Sisi wazima. Mikate yangu mingi siku hizi inakwenda kambini. Wamepiga kambi pale uwanja wa mpira, vijana wengi, wanakula kama nzige, kwa hiyo hakuna mkate unaolala. Kuna Bwana Mkaguzi mmoja, mtu wa miwani, mpole, anapita kila asubuhi kuangalia kama mikate imeiva. Simu ya posta imekufa. Wanasema upepo umekata waya. Upepo wenyewe mimi sikuuona.

Fundi redio yuko palepale ng'ambo ya ukuta, anagongagonga. Alinitengenezea redio yangu, sasa inashika kila kituo, na kila kituo kinapiga nyimbo za gwaride. Nikamwambia, "Wewe hukuitengeneza, umeiroga." Akacheka, lakini si kicheko chake cha siku zote. Binti yake mdogo bado anakwama kwenye maneno. Akitaka kuniita "Shangazi" mimi nimeshamaliza kuoka.

Unauliza baada ya kizuizi. Baada ya kizuizi walifika. Hadithi ina mahali pake pa kuishia, kama mkate ulivyo na ganda.

Uwe unaandika kidogo, uandike mambo mazuri. Karani wa posta anasema barua nene zinachelewa.

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Miguu imeanza kuvimba lakini najikaza kisabuni, kama tunavyosema kule chumba cha kufulia. Wenzangu wamenipa kazi ya kukunja ili nikae. Nakunja foronya mpaka naziota.

Barua yako ilifika imebandikwa upya kwa gundi ya kahawia, upande mmoja imekunjamana. Ulibadili bahasha?

Mume wangu sasa kapangiwa safari za upande wenu. Kila Alhamisi anapima mzigo pale mizani ya malori, nje ya mji wako. Alitaka kuja kukusalimia akiwa na kanga ya zawadi. Askari wa kizuizi akamrudisha, akamwambia mjini kuna ugonjwa. Ugonjwa gani, Shangazi? Mbona hukuniambia?

Jambo lingine. Umeandika "walifika". Mimi nilikuuliza habari za Bibi, nawe ukasema "walifika", kama watu uliowaona wakienda zao. Labda mimba inanifanya nisome visivyoandikwa. Lakini nijibu.

Chiriku wako


11 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Weka miguu juu ya mto unapolala. Ugonjwa haupo, ni vumbi la barabarani tu, watu wanakohoa. Majirani wote wazima, kila mtu yuko kwake.

Ulitaka hadithi za Bibi za vita. Nimeikumbuka moja, ihifadhi vizuri.

Bibi alisema, wakati wa vita vile, jirani yake alikuwa fundi redio. Walimjia saa za mchana, jua kali, watu wamejaa barabarani. Walikuwa na adabu. Walimwambia ni swali dogo tu, atarudi kabla chakula hakijapoa. Akatoka na aproni yake, bisibisi bado iko mkononi. Mkewe akafunika sahani. Jioni sahani bado imefunikwa. Kesho yake watu waliokuwa wakimsalimia mkewe wakawa wanavuka barabara wakimwona, na mtu akapaka rangi mlango wake, duara jekundu, kama wanavyopaka mti wa kukatwa. Alikuwa na wasichana wawili, mmoja akisema kwa shida.

Basi Bibi akawaingiza watatu hao chumba cha unga, nyuma ya magunia, kupitia uani. Akawaambia unga unakausha koo, kwa hiyo wanywe maji kila wakati wasije wakakohoa. Wakakaa. Bibi alisema kazi ngumu haikuwa kuwaficha. Kazi ngumu ilikuwa kuendelea kuwasalimia watu dukani kwa sauti ileile.

Ndivyo alivyosimulia Bibi. Mimi ninaandika tu.

Shangazi yako


9 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mtoto anacheza! Nikiwa karibu na ile mashine ya kukamulia, inatetemeka na yeye anatetemeka, msimamizi anasema atazaliwa fundi.

Hadithi yako nimeisoma mara mbili, na mara mbili nimecheka. Shangazi yangu, uzee huo! Hii sijawahi kuisikia, na Bibi alinisimulia kila kitu. Zamani zile mji mzima nani alikuwa na redio ya kutengenezwa? Jirani wa Bibi alikuwa mshona viatu, tena hakuoa. Huyo fundi redio mwenye wasichana wawili, mmoja ana kigugumizi, si ni jirani yako wewe, wa ng'ambo ya ukuta? Umechukua watu wa leo umewatia vitani! Nitamwandikia mkewe nimwambie umemfanya mjane wa hadithi.

Niambie ile ya kweli. Baada ya kizuizi.

Chiriku


6 Juni

Mwanangu,

Nashukuru kwa barua yako. Safari hii sikuhangaika kwenda posta. Bwana Mkaguzi aliniletea mwenyewe mpaka bekari, na kwa kuwa macho yangu yana ukungu akanisomea kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu mwema sana. Tumecheka sana.

Ni kweli, nimezeeka, nachanganya mambo. Amependa hadithi za Bibi, akaomba aone chumba cha unga, nikamwonyesha. Unga mtupu. Akala mkate wa moto kabla hajaondoka.

Usimwandikie mke wa fundi. Wamehama. Sijui walikokwenda.

Barua zangu zote msomee mumeo, kuanzia ya kwanza. Yeye ni mtu wa barabarani, ana subira ya kusikiliza. Funika kombe mwanaharamu apite.

Shangazi yako


27 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo.

Nimefanya ulivyosema. Nilimsomea mume wangu barua zako zote, mezani, mchana, madirisha yakiwa wazi. Ile ya Aprili nilipoimaliza hakucheka. Akaniambia, "Isome tena, polepole." Nikaisoma. Nilipofika pale penye sahani nikaiweka barua mezani. Akainuka akafunga dirisha.

Nimekumbuka, Shangazi. Ni mimi niliyesahau, si wewe. Bibi aliisimulia kweli, tena nakumbuka na mwisho wake, labda wewe ndiye hukuusikia kwa sababu ulikuwa mdogo. Kulikuwa na mkwe mmoja wa ukoo, mwenye mkokoteni wa magogo. Alikuwa akipita karibu na mji siku moja tu katika wiki, siku ileile ambayo mume wangu naye hupita siku hizi, na akisimama mahali ambapo mizigo hupimwa. Aliyapanga magogo yake kwa ufundi, nje yakaonekana yamejaa, katikati kuna uwazi. Alingoja nyuma ya kibanda cha chai mpaka adhuhuri. Wiki aliyokosa watu alirudi na uwazi wake, wiki iliyofuata akaja tena. Hakuchoka.

Uwazi ule ulikuwa wa watu wanne. Bibi alisisitiza sana hapo: wanne. Si watatu. Alisema mwenye mkokoteni na mkewe hawakutaka kusikia habari ya watatu.

Nisamehe mdomo wangu.

Chiriku


29 Julai

Chiriku,

Hii haipiti posta. Anayekukabidhi ni mke wa fundi redio, ameileta ndani ya bitana ya koti langu la kazi. Mpe maji kwanza, halafu kaa usome.

Sasa naweza kusema kama mtu. Kila neno la barua ya Aprili ni kweli, ila si la Bibi. Walimchukua fundi mwezi wa tatu. Kosa lake, eti redio anazotengeneza zinasikia mbali mno. Sahani yake niliifunua mimi mwenyewe siku ya pili. Hatujamsikia tena, na mkewe ameacha kuniuliza.

Barua yako ya Mei sikukasirika nayo. Ungejuaje? Miwani, ndivyo tunavyomwita huku mgongoni, alinisomea akiwa ameketi juu ya gunia. Alipofika kwa mtoto wa kigugumizi akavua miwani, akaifuta unga kwa ncha ya shati.

"Huyu naye ni wa hadithi?"

"Bwana, mimi mzee," nikamwambia. "Wa zamani nimesahau sura zao, nawavika za walio karibu."

"Na chumba cha unga? Nacho ni cha hadithi?"

"Hicho kipo. Karibu."

Akaomba kile chuma changu cha kuchokolea moto, akadunga nacho kila gunia mpaka upande wa pili. Unga ukamwagika kama maji. Hawakuwemo. Nilikuwa nimewatoa asubuhi ile, moyo wangu ulikataa tu, nikawatia kwenye tanuri la zamani, lile dogo alilotumia Bibi kabla sijajenga kubwa. Nilikuwa nimeupaka mlango wake masizi na kuegemeza trei. Tanuri kubwa linawaka pembeni, na kati ya moto na wao kuna unene wa tofali moja.

Miwani akaja akasimama palepale. Akala mkate, bega lake limeegemea mlango ule, akanieleza habari za mama yake ambaye naye alikuwa akipika vizuri. Alikula mkate wote, Chiriku. Alikula na makombo. Mle ndani mtoto asiyeweza kumaliza neno bila kukwama hakutoa hata pumzi. Nilipowafungulia, mkono wake ulikuwa umeungua kwenye kiwiko. Aliubana ukutani kwa makusudi, alisema, ili awaze maumivu badala ya kuwaza kukohoa.

Barua yako ya Juni pia aliileta yeye. Hakunisomea. Aliiweka mezani imefunguliwa, akasema, "Mwanao ana kumbukumbu nzuri kukuzidi." Basi. Sijui alielewa nini. Tangu siku hiyo anakuja asubuhi na jioni. Haingii. Anasimama barabarani, anatazama juu kwenye bomba la moshi, anakwenda zake.

Kesho kutwa ni Alhamisi. Kibanda cha chai pale mizani huagiza mikate yangu, na vijana wa kizuizini wamezoea koti langu jeupe likipita na kikapu. Wanalijua koti, mtu hawamjui. Mke wa fundi atalivaa, atajipaka unga usoni, mkubwa atashika kikapu upande mmoja na mdogo atatembea nyuma na mfuko wa makombo. Nimemwambia mdogo, wakimuuliza kitu, alie. Kulia hakuna kigugumizi.

Umeniandikia habari ya nafasi ya nne. Nimeisoma mpaka karatasi imelainika. Mungu akulipe. Lakini siji.

Usinikasirikie, fikiri. Tanuri likilala, Miwani atajua kabla mikate haijapoa, na lori litakuwa bado liko mizani. Moshi lazima uonekane Alhamisi, na Ijumaa, na wiki nzima itakayofuata. Utasema niwashe niondoke. Hujawahi kuoka wewe. Moto wa tanuri ni kama mtoto mchanga, ukimpa kisogo analala au anaunguza nyumba.

Nami sina budi kukujibu lile swali lako, maana sijui kama nitapata nafasi nyingine ya kusema bila kusomwa.

Upindo niliushika, ni kweli. Lakini gauni lile halikuwa la mama, huyo Bibi yako. Lilikuwa la mdogo wake, mama yetu mdogo, wakati huo msichana tu, hata kikapu kilimzidi shingo. Yeye ndiye aliyemjibu askari habari ya hamira. Mama alibaki. Alisimama mlangoni na koleo la mikate mkononi, akaniambia, "Usigeuke." Nikageuka. Alikuwa ameshaingia ndani kuongeza kuni.

Tulimwona tena vita vilipokwisha. Alikuja kwa miguu, kichwa kizima cheupe, na tangu siku hiyo hakuweza kuketi akiupa mlango mgongo. Nilimuuliza mara moja tu. Akasema, "Nilioka mikate." Basi. Halafu miaka ikapita, mkazaliwa ninyi, akaanza kusimulia ile ya kikapu kana kwamba yeye ndiye aliyekibeba, kila mwaka akiongeza utamu, mpaka mama mdogo mwenyewe akawa anaisikiliza na kucheka. Tulimwachia. Mtu aliyebaki ndani ya nyumba ile, akijichagulia hadithini njia badala ya nyumba, utamnyimaje?

Mimi nilikuwa simwelewi. Nilikuwa nikimwonea hasira hata, kwamba alituacha tukaondoka na msichana asiyejua njia. Sasa nimesimama alipokuwa amesimama, na hasira sioni ilikokwenda.

Usiniandikie ukweli tena. Niandikie habari za sabuni, kila mwezi, usikose. Wakiona barua zinakuja watajua hakuna lililotokea.

Mtoto umbusu kisogoni, ndipo panaponukia.

Shangazi yako


14 Septemba

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Habari za huku ni njema kabisa. Nimejifungua salama, mtoto wa kike, mnene, analia kwa nafasi. Nambusu kisogoni.

Kazini wametubadilishia sabuni. Hii mpya ni ya unga, povu jingi, mikono inachubuka, lakini mashuka yanatoka meupe mpaka yanaumiza macho. Tumepata mfanyakazi mpya chumba cha kufulia, mama mmoja mtulivu, mikono yake ina nguvu, anasema alizoea kukanda.

Magogo ya mume wangu yalifika salama, matatu, hakuna lililopasuka. Dogo lina alama ya moto upande mmoja, inafifia. Gogo la nne hakulipata, naye anasema nafasi yake bado anaiacha wazi kila Alhamisi, kwa mazoea tu.

Anasema siku ya anga safi, ukisimama pale mizani unaona moshi wa bekari yako. Mwembamba, umenyooka kama uzi wa kushonea. Huwa hanywi chai yake mpaka auone.

Niandikie, hata mstari mmoja.

Chiriku


6 Novemba

Shangazi,

Hii siitii bahasha. Nimechoka kukuandikia sabuni, na leo lazima niseme na wewe, hata kama ni kwa karatasi itakayobaki kabatini kwangu.

Barua yako imefika Jumatatu. Nasema yako kwa sababu ina jina lako. Imeanza "Mpendwa Binti". Tangu nizaliwe hujaniita Mpendwa, wala Binti. Mwandiko umenyooka, kila herufi imesimama wima kama askari, hakuna alama ya kidole chenye mafuta wala unga kwenye mikunjo. Inasema unaumwa. Inasema unatamani kumwona mtoto kabla macho hayajafunga, kwa hiyo nije, njia sasa iko wazi kabisa. Na mwishoni, kama jambo lililokumbukwa mlangoni, inasema nije pamoja na wageni wangu wote, hasa yule mdogo, maana umemkumbuka sana akisema.

Nilimpa mama wa wasichana aisome. Aliisoma akiwa amesimama kando ya pipa la maji, akanirudishia kwa ncha za vidole.

"Ni yeye," akasema. "Ni Miwani. Hivi ndivyo anavyozungumza."

Mume wangu alitaka tusijibu. Tulibishana, mimi na yeye, mtoto katikati yetu. Nikamwambia, tukinyamaza watajua tumejua, na wakijua tumejua Shangazi hana kazi kwao tena. Akaniambia, "Na kama hayupo?" Nikachukua kalamu.

Kwa hiyo nimeandika barua nyingine, ile ya posta. Nimeandika pole sana kwa ugonjwa. Nimeandika mtoto ana upele, daktari amekataza safari, labda mwakani. Wageni gani, nimeuliza, sisi hatuna mgeni. Nimeeleza sabuni ukurasa mzima. Nimeandika kwa sauti ileile, Shangazi, kama ulivyosema Bibi alivyofanya dukani, na sasa najua ile haikuwa ya Bibi, ilikuwa yako, na najua uzito wake.

Leo ni Alhamisi. Mume wangu amerudi jua bado lipo. Kwa kawaida akifika mlangoni ananiambia kabla hajavua viatu: upo, mwembamba, kama uzi. Leo alivua viatu kwanza. Akavipanga vizuri. Mama wa wasichana alikuwa anakunja nguo za mtoto hapo mezani, wasichana wako uani, mdogo anaimba, akiimba hakwami.

"Moshi upo," mume wangu akasema.

Nikashusha pumzi. Yeye hakushusha.

"Upo, lakini si ule. Mzito, mweupe, umelala juu ya mapaa hauinuki. Nimengoja mpaka saa nane labda utabadilika."

Mama wa wasichana akaacha kukunja. Miezi yote ile alilala karibu na tanuri lako, usiku alikuletea kuni, alizichagua nawe moja moja kwa kuzigonga.

"Hizo ni kuni mbichi," akasema.

Akaichukua nguo ileile akaikunja tena, ingawa ilikuwa imeshakunjwa.

"Mwenyewe hawezi. Hata akiwa anaumwa, hata akiwa kitandani anaelekeza, hawezi kuruhusu kuni mbichi ziingie mle. Kuna mtu anawasha tanuri asiyejua kuoka."

Uani mdogo aliendelea kuimba mpaka dada yake akamwita aje anawe mikono.

Barua ya posta ilikuwa mezani, imeshabandikwa. Niliitazama kitambo. Kisha nikajifunga kanga, nikamweka mtoto mgongoni, nikaenda kuitia kwenye sanduku kabla karani hajafunga.

Chiriku wako